Ulimfundisha Zuhura Kutoa Hewa

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, si kwa sababu nimetulia. Sijatulia.

Tangu tukuzike, hali ya hapa Tanga ni hii: gereji yako ya Ngamiani sasa inauza magodoro. Mama bado anachemsha chai ya watu wawili, kisha analigombeza birika. Gari lako nimepewa mimi, na siku ya kupewa nililia mbele za watu, mimi ambaye wanasema sina machozi, nina mdomo tu.

Majuzi mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulipasuka. Fundi mmoja wa hapa mjini akafunga mwingine, akajaza maji, akarudisha mfuniko, akaniambia niende. Nikaenda. Nilikuwa napanda milimani, kule Amani, kuzungumza na walimu juu ya mabinti na kazi za ufundi. Nilipoingia Muheza, mshale wa joto ulikuwa umeshalala kwenye nyekundu.

Nikasimama karibu na wauza machungwa, nikafungua boneti, nikaushika mfuniko wa rejeta kwa mtandio. Kofi likatua mkononi mwangu.

"Wewe dada, unataka uso uchunike kama ndizi? Liache lipoe!"

Alikuwa mwanamke mnene, kavaa ovaroli, spana mfukoni. Zuhura, fundi, gereji yake iko ng'ambo ya barabara. Nikamkumbuka: alikuja mazikoni, nikampa mkono nikidhani ni jamaa wa upande wa Mama.

Gari lilipopoa kiasi akapapasa mipira miwili. Wa juu moto, wa chini baridi. "Maji hayatembei. Wamejaza maji, hewa wameiacha humo humo." Akatusukumisha gari, mimi na wauza machungwa, mpaka magurudumu ya mbele yakapanda kichuguu, mdomo wa rejeta ukawa juu kuliko vyote. Kisha akatoa shingo ya chupa ya plastiki iliyokatwa, imezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaichomeka pale mdomoni.

Nilijua hapo hapo, Baba. Shingo ya chupa na tyubu ya baiskeli, kama ile yako ya gerejini. Hajasema neno, nikajua.

"Washa hita," akaniambia. "Mwisho kabisa, hewa ipate kutoka."

Wauza machungwa wakaangua kicheko. Hita, Muheza, jua la saa saba! Akawajibu kwa maneno yako, hata sauti kaikoromesha kama wewe: "Gari likitoa jasho, na mwenyewe atoe jasho."

Nikamuuliza nani kamfundisha. "Mzee Kombo wa Ngamiani. Nimekulia kwenye ile gereji. Marehemu alikuwa baba yangu wa pili."

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa bweni, nasoma, kama ulivyoniamuru. Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka madrasa nakuja kuchuchumaa kando ya tairi, nakukabidhi spana kabla hujaomba? Siku moja ukaninyanyua kwa bega. "Bi Mdomo, hapa si pahala pa mtoto wa kike. Nenda kasome." Nikaenda, nikasoma, nikaandika. Nimegombana na wahariri, na mashehe, na wanasiasa, juu ya sentensi ile moja. Na kila aliyeniuliza juu yako nilikutetea kwa hoja moja tu: kwamba ulikuwa mtu wa zama zako, hukujua vinginevyo.

Ulijua, Baba. Ulijua vizuri sana. Gerejini mwako alikuwamo mtoto wa kike, grisi mpaka kwenye viwiko, na hukuwa na neno naye. Ni mimi tu niliyekuwa mtoto wa kike.

Zuhura hakujua kwamba ananichoma. Alikuwa anacheka. "Alikuwa akisema, binti yangu yule moto, hasubiri kitu. Atafungua mfuniko rejeta inachemka, aungue uso, nami nitamwambia nini mama yake?"

Na mkono wangu bado unawasha kwa lile kofi.

Haya. Umeshinda, kweli sikusubiri. Lakini kwa nini hukuniambia mimi? Ningenuna wiki nzima, kisha ningejifunza kusubiri. Ukaona bora unipe sababu ya uongo, nami nikaichukua, nikaipiga vita maisha yangu yote, kumbe hata haikuwa yako. Wala usinidanganye kwamba Zuhura alizaliwa na subira. Amesema mwenyewe: ulimkalisha mbele ya rejeta atazame mapovu mpaka akasinzia, ukamwamsha kwa kumrushia maji. Subira ile ulimpa wewe. Mimi ulininyima, kisha ukanihukumu kwamba sina.

Amani sikufika siku ile. Ningewaambia nini walimu?

Jumamosi nilirudi Muheza na gari, kwa hiari yangu mwenyewe. Zuhura akamwaga maji yote ya rejeta ili nijaze mimi, akanikabidhi ile shingo ya chupa, akaketi kwenye tairi kuukuu akimenya chungwa. Nikajaza polepole. Nikawasha injini, hita mwisho, mfuniko wazi. Mapovu yakaja makubwa, yakaja madogo, maji yakashuka, nikaongeza. Nikaubonyeza mpira wa juu kwa kitambaa, kimya, kisha povu jingine, jeuri, kutoka huko lilikojificha. Mara mbili nilitaka kufunga, niondoke zangu. Mara mbili nilimtazama Zuhura, naye akatazama chungwa lake. Jasho likaniingia machoni. Nikasubiri.

Feni ikawaka yenyewe. Maji yakatulia. Nikapapasa mipira: yote miwili moto. Zuhura akasema, "Ehee," basi, neno lenyewe hilo.

Nikafuta mikono, nikatoa simu nikupigie. Nilishalifikia jina lako.

Nilikaa ndani ya gari muda mrefu, hita bado inanipuliza usoni.

Yasini nitakusomea kila Ijumaa, hilo halina mjadala. Mungu ni mwepesi wa kusamehe. Akusamehe leo hii, akupanulie kaburi lako. Mimi nitachelewa, Baba. Ila nakuahidi, nitafika.

Bintiyo,
Mwanaidi