Viazi Ndani ya Choo

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Dundori tuko wazima. Nyanya yako anakusalimia na anauliza kama unakula. Umeniandikia kwamba watu wa Kamere wanakusikiliza vizuri ukiwafunza kuchemsha maji, halafu hawachemshi.

Hata mimi nilisikilizwa hivyo. Miaka ya hamsini nikiwa msaidizi wa afya, niliwafunza wafanyakazi wa shamba moja hapa kwamba nzi wa kinyesi ndio huleta kuhara. Mzee Wafula aliitikia kila neno, akajenga choo kizuri kuliko nyumba yake. Nikamleta mkubwa wangu akione. Kufungua mlango, tukakuta viazi vya mbegu vimepangwa mpaka darini.

Mkubwa alirudi kwenye gari. Hapo ndipo nilimwuliza mzee swali langu la kwanza: kwa nini hamkitumii?

Akatazama chini. "Daktari, choo ni kimoja. Mimi na mke wa mwanangu tupishane pale mlangoni? Kwetu ni mwiko."

Wiki hiyo tulichimba cha pili, cha mzee peke yake, na viazi nikavibeba mimi mwenyewe kuvirudisha jikoni. Mwezi mzima nilikuwa nimemweleza habari za nzi, na nzi hana mkwe.

Ukienda Kamere tena, hebu waulize kila nyumba ina sufuria ngapi; huenda ni moja tu, ya ugali.

Ni mimi babu yako, ambaye bado ananuka viazi.