Ndege za Upande wa Kushoto

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na kile kikohozi kimekuachia usingizi. Sisi huku tu wazima. Mdogo wako anazidi kunenepa, ingawa anaapa kuwa ni mashati ndiyo yanayosinyaa. Saluni yangu inakwenda, na umbea wa wateja haujaniishia.

Baba naye yupo, lakini ninazo habari zake, na naomba uzisome umekaa.

Unaukumbuka ule mchezo wa vita vya majini ambao mdogo wako aliununua kwa mbwembwe, kisha akauchoka? Baba ameurithi. Alikuwa akirudi kutoka kuendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, anavua viatu, anaketi mbele ya televisheni na kuniita vitani. Mimi nachezea kwenye kompyuta, mezani nyuma yake, na tuliapa kutochunguliana. Kila mmoja ana manowari, nyambizi na meli moja kubwa ya kubeba ndege. Unazipanga kwenye ramani, unatuma ndege zikapeleleze, halafu unaamua ushambulie au ujifiche nyuma ya visiwa. Meli ya ndege ikizama, umekwisha. Aliniomba nimfundishe, na wiki ile ile akaanza kunifundisha mimi. Alijipa cheo cha admirali. Mimi akaniteua kuwa mwosha sitaha, ingawa nilikuwa adui yake.

Unajua, wifi, tangu niolewe nilikuwa namwogopa. Yetu ilikuwa shikamoo na marahaba, basi. Kumbe mzee ni mtani, ana kisirani akishindwa, na huiomba radhi nyambizi yake kabla ya kuitoa kafara. Nikawa nafunga saluni mapema nimuwahi.

Sasa, kuna kitu nilikigundua. Nikimwendea kutoka kulia, ananiona mapema na kunifyeka. Nikija kutoka kushoto, nashinda kila mara. Niliringa mno, nikamtambia mdogo wako kwamba nimeipata dawa ya admirali. Siku moja nikazipeleka ndege zangu zote kushoto, wazi wazi, bila ujanja wowote. Baba hakugeuza hata mzinga mmoja. Nikavunja kiapo, nikachungulia televisheni yake. Ndege zilikuwa zimejaa pale upande wa kushoto, kila mtu angeziona. Meli yake ilipozama, aliniuliza kwa upole zile ndege zilikuwa zimetokea wapi.

Moyo ulinipasuka. Nikakumbuka vikombe vya chai anavyoviangusha, na kioo cha pembeni cha basi kilichovunjika mara mbili, akawalaumu wenye pikipiki. Nikawaza watu anaowabeba kila asubuhi. Nikaenda kuketi karibu naye, nikamuuliza kama anaona vizuri upande ule.

Akasema amejua tangu mvua zilizopita. Alikuwa akijiambia atasema kesho. Alisema akiacha usukani hajui atakuwa nani hapa nyumbani. Nililia, wifi. Sikujua kwamba nampenda mzee huyu kiasi hicho.

Asubuhi hakuendesha. Alirudisha funguo za basi mwenyewe, mimi nikamsubiri getini pale kiwandani kama alivyotaka, halafu tukaenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto halitarudi. La kulia nalo limeanza kuliwa upande huo huo wa kushoto, ila kuna dawa ya matone ya kulilinda, nami ndiye ninayemtilia. Admirali mzima anakunja uso na kung'ang'ania mkono wangu.

Hadi hapo ningeweza kukueleza kwa simu. Lakini kuna jambo ambalo baba ameshindwa kukutamkia. Amekuwa akikupigia siku hizi, na kila mara ameishia kukuuliza kama huko kuna baridi. Daktari alituambia ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, tena huingia bila maumivu. Baba, ambaye hakutoa chozi kwa ajili ya jicho lake, alipoyasikia hayo alilia pale pale kwenye kiti, akilitaja jina lako. Alisema alitaka kukuachia kitu kingine, si hiki. Mdogo wako amepimwa, yuko salama. Umebaki wewe.

Nakuomba, wifi, nenda ukapime. Usiniambie kwamba unaona kila kitu. Baba naye alijifanya anaona kila kitu, mpaka siku nilipomwonyesha alichokuwa hakioni.

Mpe shemeji salamu zetu, umwambie akupeleke hata kwa kukuburuta. Mdogo wako anakusalimu sana. Barua hii usiijibu kwa barua. Ukishapimwa, mpigie baba, umpe majibu kabla hajapata nafasi ya kukuuliza habari za baridi.

Wifi yako anayekupenda,
Mwosha Sitaha