Somo, Fumba Macho

Kibuta, Kisarawe
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kwa dada yangu Raudha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kwala ukiwa mzima, wewe na shemeji Hashiru na Zuleha wetu, na kwamba vumbi la malori halijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mvua za vuli zinanyesha kwa kubahatisha, mihogo imeshika, na shangazi Mwanamkuu anakusalimu sana. Bibi yupo. Hali yake nitakueleza, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Kosa si langu. Tangu Idi simu zangu hupokei, na nadhani namba yangu umeifungia, maana ujumbe ninaokutumia haufiki. Kwa hiyo nimempa Latifu, mtoto wa shangazi, anayekuja huko kutafuta kibarua, na nimemwambia asikubali hata maji ya kunywa mpaka uifungue mbele yake. Tena heri iwe barua. Ana kwa ana ungenikatiza, mimi ningepandisha, na lile ninalotaka kulisema lingepotelea kwenye kelele.

Nianze na siku ile ya Idi, usije ukafikiri nimeisahau. Tulikuwa tumekaa barazani kwako, pilau imeliwa, wakwe zako wamejaa, na wewe ukaanza kuwasimulia jambo la kwanza kabisa unalolikumbuka maishani mwako. Ukasema umebebwa mgongoni na bibi, hapa Kibuta, naye anachoma korosho kwenye debe lililotobolewa. Ukasema mafuta ya maganda yalikuwa yanashika moto, moshi umekuwa mzito, na bibi akakuvutia kanga kichwani akakuambia, somo, fumba macho. Ukasema uliuona moto kupitia kitambaa, mwekundu, na kwamba tangu hapo hujapata tena kujisikia salama namna ile. Wakwe zako wakakuangalia kwa huruma na mapenzi.

Mimi nilipandwa na hasira. Kumbukumbu ile ni yangu, Raudha. Nimekuwa nayo tangu sijajua kuhesabu. Moshi naujua, kanga naijua, jasho la shingo ya bibi nalijua, na hiyo sauti inayosema somo. Nikasimama mbele ya watu wote nikakuita mwizi. Nikawauliza wakwe zako kama wanajua somo ni nani. Somo ni yule mnayechangia jina. Bibi ni Mwamini, mimi ni Mwamini, wewe ni Raudha, sasa bibi angekuitaje wewe somo? Ulivua kiatu ukaonyesha lile kovu la juu ya mguu wa kushoto, ukasema labda ni moto wa siku hiyo. Nikakucheka. Nikasema mama alishatuambia kovu hilo ni la uji, na kwamba kila aliyekulia Kibuta ana kovu lake. Ukaingia ndani, na mimi nikarudi kwangu Picha ya Ndege nikiwa nimeshinda.

Nataka uelewe kwa nini nilikuwa mkali hivyo, ingawa sikuombi unihurumie. Wewe ulizaliwa kwanza, na kila kitu kilipita kwako ndipo kikafika kwangu. Gauni la sikukuu nililivaa likiwa limepauka. Viatu vya shule nilivipata vikiwa na umbo la vidole vyako. Hata baba, alipokuwa akirudi kutoka kazini, alikuwa anauliza kwanza Raudha yuko wapi. Ulipoolewa nyumba ikapakwa rangi, na mimi nilipoolewa wakasema rangi bado ipo. Leo nashona sare za watoto wa shule pale karibu na barabara, na mteja akiniletea nguo ya mkubwa nimpunguzie mdogo, naifanya kazi huku roho inaniuma. Nimekuonea wivu tangu utotoni. Naliandika hilo wazi kwa sababu najua unalijua. Kitu kimoja tu hakikupita mikononi mwako, nacho ni jina la bibi. Jina, na ule mgongo wake katika moshi. Ukanigusa hapo hapo.

Basi mwezi wa tisa shangazi akapiga simu kwamba bibi amelala chini, hainuki, na anaita somo. Anaita asubuhi, anaita jioni. Nilifunga cherehani siku ile ile. Nisikufiche, nilikuja huku na furaha yangu. Nilijisemea ameita somo, hakuita Raudha, na sasa ukweli umejulikana hadi kwa wasiokuwepo siku ya Idi. Nilitamani ungekuwepo unione nikiingia na kapu langu mlangoni.

Bibi amepungua sana. Macho yamekwenda, anaona mwanga tu, lakini masikio na akili viko palepale. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza ni nani. Nikamwambia ni somo wako, bibi, nimekuja. Uso ulimchangamka mpaka nikalia. Kisha akaniomba nipande kitandani ninyooshe miguu mapajani mwake. Nikafikiri ni mambo ya wagonjwa. Akaupapasa mguu wangu wa kushoto, taratibu, toka vidoleni hadi kifundoni, akarudia, kisha akausukuma pembeni. Akasema wewe ni yule mdogo. Akauliza somo yuko wapi.

Nilimwambia somo ni mimi, na sikuwa na upole. Kesho yake akaita tena somo, nikaenda, akapapasa mguu, akaniambia asante mwanangu, sasa niitie somo. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha uji, ninayembadilishia shuka, halafu ananiuliza somo amekwama wapi. Niliwahi kukasirika nikaweka bakuli chini kwa nguvu likapasuka. Umeona nilivyo, nagombana na mgonjwa.

Nikaenda kumwambia shangazi kwamba bibi sasa amechanganyikiwa, hanijui hata mimi aliyenipa jina. Shangazi alikuwa anamenya mihogo uani. Hakuinua kichwa, akavuta muhogo mwingine. Nikamkalia hapo mpaka mihogo ikaisha. Alipoona siondoki akaniambia nikafunge mlango wa uani, ndipo akanieleza haya ninayokueleza.

Alisema jina la bibi ulipewa wewe. Uliitwa Mwamini tangu ulipozaliwa mpaka ulipokaribia miaka mitatu, na bibi alikuwa hakushushi mgongoni. Siku moja akiwa anachoma korosho, debe lilifoka, mafuta yakaruka, na mguu wako ulikuwa unaning'inia nje ya mbeleko. Hakuona. Alikuwa ndiyo kwanza amekufunika kanga usoni moshi usikuumize, akakuambia ufumbe macho. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, ukawa mtoto wa kulia mchana na usiku, ukapelekwa Kisarawe hospitali ukarudishwa ukiwa mifupa. Wazee wakakaa wakasema jina limekukataa. Wakakubadilisha, wakakuita Raudha, na bibi akakatazwa kukuita somo hata kwa bahati mbaya, maana jina likishaondolewa halitajwi tena kwa aliyevuliwa, huenda maradhi yakasikia yakarudi. Ukapona. Mama akaambiwa aseme ni uji, na mama alikuwa mtu wa kushika neno, akaenda nalo kaburini.

Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Wakajaribu kunipa lile jina, waone. Sikuugua. Wakasema limenikubali.

Raudha, nilikaa pale kwenye kinu kilicholala. Hata jina. Nilidhani nina kitu kimoja kipya duniani, kumbe nacho ulikivaa ukakivua.

Nilitafuta pa kutokea, hutaniamini nilivyotafuta. Nikamwambia shangazi labda anakumbuka vibaya, wakati ule na yeye alikuwa msichana mdogo. Nikamwambia inawezekana bibi alituchomea korosho sote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Akasema tangu ule moto bibi hakuchoma tena korosho hapa nyumbani, aliziuza mbichi mpaka miguu ilipomkatalia kwenda shambani. Nikamuuliza basi mimi nimeupata wapi moshi. Akasema nilipokuwa mchanga bibi alikuwa ananibembeleza kwa habari hiyo hiyo. Hakuruhusiwa kukuita wewe, kwa hiyo alikuwa ananipakata mimi, anaisimulia polepole, somo wangu, nilikubeba, moshi ukaja, nikakufunika, nikakuambia fumba macho. Akifika hapo anaacha. Kila siku anaachia hapo. Mimi nikawa nasikia somo na kudhani naambiwa mimi, na iliyobaki nikajijazia mwenyewe.

Sasa ndiyo maana kumbukumbu yangu haina maumivu. Lakini na yako haina, nimeliwaza sana hilo. Uliwaambia wakwe zako kwamba ulijisikia salama. Mguu ulikuwa wako na bado umekumbuka kanga tu. Sijui kama na wewe ulipitiwa na hiyo hadithi kutoka chumba cha pili, au kama mtoto huchagua cha kubaki nacho. Wa kutuamulia hayupo. Ninachokijua ni kwamba kovu si la uji.

Na hapa ndipo nifike kwenye lile ninaloona aibu kuliandika. Shangazi aliniachia mimi niamue kama utaambiwa. Sikutaka uambiwe. Nilisema moyoni kwamba una nyumba, una mume anayerudi jioni, una baba aliyekuulizia, basi hiki kibaki kwangu. Nikaona njia rahisi. Nilichovya mguu kwenye maji ili asiutambue, nikabadilisha sauti ikawa kama yako, nzito kidogo, nikaingia kwa bibi na kusema mimi Raudha, nimetoka Kwala. Akanyoosha mikono. Alipopapasa mguu hakuona kitu, nikawahi kumwambia kovu limeshapotea, bibi, ni miaka mingi. Akacheka kidogo, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu nije. Akasema moto wa korosho haupotei, yeye mwenyewe anao mikononi tangu msichana. Kisha akaanza kusema aliyokuwa anamwekea somo. Sikumzuia. Akasema aliugeuzia moto mgongo wenye mtoto, badala ya kumshusha, kwa sababu alitaka kumaliza debe moja la mwisho kabla mnunuzi hajapita, na kwamba hajamwambia mtu hilo, na kwamba anataka somo amwambie kama amemsamehe.

Nikasema nimekusamehe, bibi.

Akanishika mguu wangu usio na kovu, akasema asante, mwanangu mdogo, umejitahidi. Lakini wewe sikukuunguza.

Huo msamaha siwezi kuutoa kwa niaba yako, Raudha. Nimejaribu. Anakula kijiko kimoja siku hizi, na shangazi ameshaanza kutoa mashuka meupe sandukuni bila kutuambia kwa nini. Njoo. Usingoje shemeji apate ruhusa, na usikasirike kwanza ndipo uje, njoo ukiwa umekasirika hivyo hivyo. Vaa viatu vya wazi. Ukifika usipite kwangu kunisalimu, nenda moja kwa moja kitandani ukamwekee mguu mapajani. Akikuita somo, itika. Nitakuwa nje uani, na nakuambia mapema kwamba nitakuwa nimenuna. Sitaweza kukuangalia ukitoka chumbani mle na uso wa mtu aliyeitwa. Unipe muda.

Ile kumbukumbu nakuachia, ingawa yenyewe haijaniacha. Jana shangazi aliwasha kuni mbichi, moshi ukanijia usoni, nikafumba macho bila kuambiwa, na ile sauti ikaita somo. Sasa najua ilikuwa inakuita wewe. Nikaitika hivyo hivyo.

Jina sirudishi, usije ukalidai. Limeshakaa mwilini na halina pa kupunguziwa.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na Zuleha mwambie mama mdogo amemshonea sketi ya shule, kitambaa kipya kabisa, hakikuvaliwa na mtu. Wakwe zako ukiwaona waambie uliyosema siku ya Idi yalikuwa kweli, nami nitawaambia mwenyewe wakija. Shangazi anasema usisahau mwavuli, njia ya kuingia kwetu inateleza. Mwenyezi Mungu akufikishe salama na akukutanishe naye.

Ni mimi mdogo wako,

Mwamini wa pili