Kazi Unayofanya Sasa: Kusuka

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi sasa hivi kutoka chuoni. Mjomba alinituma kupeleka feni mbili tulizowatengenezea, basi. Feni zimefika. Lakini getini nimekuta tangazo, na tangu hapo akili yangu haijarudi.

Nalinakili nisije nikasahau. "Mafunzo ya ufundi na teknolojia kwa walioacha shule mapema. Wanawake wanahimizwa kuomba. Umri usizidi miaka thelathini na tano." Kozi wanazo nyingi: umeme, kompyuta, uchomeleaji, ushonaji, sijui nini na nini. Neno umeme nimelisoma mara nne. Thelathini na tano! Mimi mwezi wa sita natimiza thelathini na sita. Yaani mlango umefunguliwa na mtu tayari kashika komeo.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia la, nasikiliza pampu yenu. Akanitazama vile watu wanavyotazama wendawazimu. Lakini kweli nilikuwa naisikiliza! Ile pampu ya maji iliyo nyuma ya karakana yao niliisuka mimi, waya wote wa mota yake, miaka miwili iliyopita. Bado inanguruma vizuri, haikwaruzi hata kidogo. Pampu yangu iko ndani ya chuo, mwenyewe niko getini.

Fomu nimechukua. Nimeificha kifuani kama barua ya mchumba.

Jumanne, 4 Februari

Hakuna wateja. Naandika juu ya debe la vanishi.

Duka letu lina pazia. Mbele anakaa Mjomba, kaka yake marehemu mama. Wateja wanamwita Fundi Sikio, kwa sababu anaweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, na anakutajia ugonjwa kabla hajafungua. Hakosei. Nyuma ya pazia niko mimi. Wateja wanadhani nafagia. Siku ya kwanza, miaka tisa iliyopita, aliniambia: mwanangu, watu hawamwachii mwanamke mota yao, twende polepole. Tumekwenda polepole kweli, maana bado hatujafika.

Sasa macho yake hayaoni waya mwembamba. Mikono inatetemeka. Kutoa waya ulioungua, kuhesabu mizunguko, kusuka upya, kufunga uzi, kupaka vanishi — yote mimi. Yeye anamalizia kwa kufunga kadi: "Imesukwa na Fundi Sikio."

Sina kinyongo. Haya, ninacho kidogo.

Lakini kinachonila roho si kadi. Ni mota ya kwenye kona. Mama mwenye mashine ya kusaga aliileta mwaka jana, imeungua mpaka imekuwa majivu, waya umegandana, hauhesabiki. Na mimi nasuka kwa kuhesabu wa zamani tu. Ulikuwa mizunguko sitini na nne, naweka sitini na nne. Kwa nini sitini na nne na si hamsini? Sijui! Waliosoma wanapima chuma, wanapiga hesabu, namba inatoka. Nilimuuliza Mjomba, naye hajui. Aliyemfundisha naye hakujua. Tumerithishana mikono, ile "kwa nini" hakuna aliyeiacha.

Yule mama anapita kila asubuhi. Haulizi tena. Anatupa jicho kwenye kona, anasalimia, anakwenda zake. Siku moja nataka nimwite: njoo, mama, nimeipata namba.

Darasa la sita walitugawa. Wavulana karakana, wasichana upishi. Dirisha la jiko lilitazama karakana. Niliunguza mboga muhula mzima.

Alhamisi, 6 Februari

Binti yangu amenisaidia kujaza fomu. Yuko kidato cha pili, na mdomo wake uko chuo kikuu. Ameucheka mwandiko wangu, nikamwambia mwandiko huu ndio unaokulipia daftari, akanipa kalamu.

Ukurasa wa pili wameandika: chuo kitampangia mwombaji kozi kulingana na kazi na uzoefu wake. Kwa hiyo huchagui. Wao wanasoma kazi yako, wanajua pa kukuweka. Nikafurahi! Mimi tena? Miaka tisa ndani ya waya!

Kisanduku chenyewe, "Kazi unayofanya sasa", upana wa kidole gumba. Nilitaka kueleza mota, pampu, feni, yote. Binti akasema mama, fomu haitaki hadithi, andika neno moja.

Nikaandika: Kusuka.

Jumatatu ijayo wanabandika majina. Nimemwambia Mjomba siku hiyo nitakwenda kununua karatasi za kuwekea kwenye mota. Kwanza kweli zimekwisha.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepeleka. Karani kagonga muhuri bila kunitazama. Mikono ilikuwa na vanishi, nimeacha alama ya dole kwenye pembe. Basi angalau hiyo imeingia.

Jumatatu, 10 Februari

Urembo na Nywele. Namba kumi na moja.

Nilianza kwa kutafuta kwenye Umeme. Juu mpaka chini, chini mpaka juu. Majina ishirini, kumi na tisa ya wanaume. Nikajua nimekosa. Halafu ndipo nikajiona kule kwingine, katikati ya wasusi.

Nilicheka. Kwa sauti, peke yangu, mbele ya ubao! Kusuka! Mjinga mimi! Dukani kwetu neno hilo halina shida, nani atauliza unasuka nini? Halafu kicheko kikageuka, nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka kikapita.

Nikaingia kwa karani. Akasema dada, si umejaza mwenyewe? Umeandika kusuka, tumekupa kusuka. Nikamwambia nasuka mota. Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akauliza mota nazo zina nywele? Wakafurahi sana.

Nikangoja wamalize. Nikamuuliza: mwanamume angeandika kusuka, ungempeleka wapi?

Akafikiri. Ni mtu mkweli, nampa haki yake. Akasema, huyo ningemwita nimuulize kwanza.

Mimi hakuniita.

Amenipa fomu ya marekebisho. Mwalimu wa umeme akubali, na mwajiri athibitishe kwa mkono wake kazi ninayofanya, atie saini. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Mwajiri! Mjomba hajui hata kama niliomba.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwambia. Kwenye Urembo na Nywele alicheka mpaka akashika meza. Akasema haya, utuwekee na saluni hapo mbele, mota zitoke zimechanwa. Nami nikacheka. Yule mzee akicheka huwezi kumwachia peke yake.

Kisha nikatoa fomu ya marekebisho. Nikamwambia panatakiwa uandike kwamba kusuka nasuka mimi.

Kicheko kikakatika. Akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangika. Akasema cheti cha nini, mikono unayo. Nikasema mikono ninayo, Mjomba, sababu sina. Akasema utajifunza halafu uende zako. Nikasema nitajifunza halafu ile mota ya kona iondoke pale. Akasema mjini watasema Fundi Sikio alikuwa jina tu.

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nikamwambia: na mimi je, Mjomba, mbona hata jina sina?

Alichukua kofia yake akatoka, na duka aliliacha wazi.

Najuta. Lakini ningerudishwa pale, ningesema tena.

Jumatano, 12 Februari

Feni moja, pampu moja. Amenisogezea chai bila neno. Sukari kaweka vijiko vitatu ninavyopenda. Fomu iko mezani pale nilipoiweka, amepangusa vumbi kuizunguka.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nimeingia darasa la nywele. Usipohudhuria siku ya kwanza unafutwa kabisa, nikaona bora hilo kuliko kukaa nyumbani nimenuna.

Mwalimu wao ni mama mnene mwenye sauti ya upole. Akatupa vichwa vya plastiki tugawe mistari. Nikagawa. Akasimama nyuma yangu muda mrefu. Akasema mistari imenyooka kama imepigwa rula, umefanya kazi saluni ipi? Nikasema sijafanya saluni, nasuka mota. Huyu hakucheka! Akauliza mota inasukwaje. Nikachukua uzi wake nikamwonyesha kwenye kichwa cha plastiki: hapa panaingia koili, hapa unavuka nafasi mbili, hapa unafunga. Darasa zima likaja. Kile kichwa kimebaki kinatisha.

Akanishika mkono mwenyewe akanivusha uwanja mpaka karakana ya umeme.

Karakana! Meza ndefu, mita ukutani, ubao umejaa namba. Nimesimama mlangoni nikazitazama zile namba. Sikuelewa hata mstari mmoja. Mmojawapo, nilijiambia, mmojawapo hapo unaijua mota ya kona.

Mwalimu wa umeme ni kijana kuliko mimi, miwani, chaki nyuma ya sikio. Hakuwa mbaya. Lakini kila mtu huja na hadithi, akasema, mimi nataka kuona. Nikamwambia pampu yenu ya nyuma niliisuka mimi. Akaenda akageuza kadi. Kadi inasema Fundi Sikio, akasema, na Fundi Sikio namjua, sauti yake naijua, wewe sijawahi kukuona pale dukani.

Kweli. Nani angeniona? Kuna pazia.

Basi nikamwambia kilichomo ndani. Siku ile uzi mweupe wa kufungia ulitukwishia, duka la jirani limefungwa, chuo kinataka pampu yao. Nikafunga kwa uzi wa nywele wa binti yangu, wa pamba, mwekundu. Mjomba aligomba, akauliza mota inaolewa? Ndiyo mota pekee duniani yenye uzi mwekundu. Fungua, nikamwambia, utauona.

Mwalimu akasema kesho asubuhi anaishusha kwa ukaguzi, nije. Na mwajiri aje pia. Habari ya uzi unaweza kuambiwa na mtu, akasema, saini ya fundi siwezi kuikwepa.

Nimepita dukani nikamweleza Mjomba yote, tangu vichwa vya plastiki. Alikuwa na bisibisi sikioni anasikiliza feni. Nilipomaliza bado alikuwa anasikiliza. Feni yenyewe ilikuwa imezimwa.

Ijumaa, 14 Februari

Niko karakana, kwenye benchi. Nimekuja na daftari kwa sababu nikikaa bure nitalia, na kulia hapa sitaki.

Saa tano na dakika kumi. Pampu iko mezani. Imechakaa rangi, lakini ile kadi bado ipo, imefungwa na waya. Bolti mbili zimetoka, mbili zimeshika kutu. Mwalimu katia mafuta, anangoja yaingie.

Saa tano na robo. Wazo limenijia: na kama pampu iliungua tena, wakampa fundi mwingine akasuka upya? Uzi wangu uko jalalani. Nimeuliza. Mwalimu anasema hana kumbukumbu, yeye ana mwaka mmoja tu hapa. Mungu wangu.

Saa tano na nusu. Wanafunzi wa umeme wamekaa wananitazama. Msichana wao mmoja ameniletea maji.

Mjomba amekuja!

Amevaa shati la misibani na harusini, bisibisi mfukoni. Amesalimia watu wote ila mimi. Mwalimu kasimama kwa heshima, shikamoo fundi, kamwambia tunangoja bolti. Amekaa kando yangu. Benchi limelia.

Saa tano na dakika arobaini. Mwalimu ameenda stoo kutafuta spana kubwa. Mjomba anaongea, lakini anaitazama pampu. Naandika kila neno anavyolitoa.

Anasema, siku ile ya uzi mwekundu nilikugomba.

Nimesema ndiyo.

Anasema, ilikuwa kazi safi. Nilipoiona nikajua mimi sitaweza tena kusuka vile. Ndiyo maana niligomba.

Nimesema Mjomba tu.

Anauliza, watu wakijua, nani ataleta mota? Nimesema wataleta, Mjomba, kwa sababu zinazunguka. Na nani atazisikiliza kama si wewe?

Stooni vyuma vinaanguka, kijana anatafuta.

Mjomba ameivuta fomu ya marekebisho kutoka mapajani mwangu. Amevaa miwani. Anasoma kwa kidole, polepole, mpaka kwenye kisanduku cha mwajiri, nacho upana wa kidole gumba. Anasema kwa hasira, hivi watu hawa karatasi wananunua kwa punje? Hapa paandikwe nini kikaenea?

Nimemwambia pembeni pana nafasi, Mjomba.

Mwalimu anarudi, namsikia. Mjomba ameikunjua fomu gotini, ameilaza sawa na kiganja. Ananyoosha mkono. Anataka kalamu, na ninayo hii mo—