Mafua Hayaui

Jumatatu, 3 Februari 1969
Nimechemsha sindano. Nimefagia zahanati. Nimefungua daftari la vifo. Watatu tangu Ijumaa. Homa, kifua, siku nne basi. Chanzo: mafua makali. Wa tatu ni Monika, dada yangu. Tumemzika jana. Nimeandika jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko yote.

Jumatano, 5 Februari
Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mpondo, amechana ukurasa wangu. Mbele yangu. Mkuu wa wilaya anakuja kukitazama kijiji cha ujamaa, eti asikute vifo. Kasema mafua ni makamasi tu. Nimemchukia.

Ijumaa, 7 Februari
Mkutano. Mpondo katangaza kuwa mafua hayaui mtu. Watu wamekubali. Jioni wakaanza kuulizana: kama si mafua, nani anatumaliza?

Jumatatu, 10 Februari
Mama yake Mpondo amekufa. Kikohozi kilekile. Msibani hakuna aliyegusa ugali wa Mpondo. Wanasema kamtoa mama yake kafara apate uenyekiti. Nami sikula. Najua kilichomuua bibi yule. Nimenyamaza, na nimefurahi.

Jumatano, 12 Februari
Mpondo kaja zahanati. Nikampa shikamoo yake, ni mkubwa kwangu. Kaomba cheti cha kifo cha mama yake, chenye muhuri, akisome mkutanoni.
"Mwanangu, andika mafua."
"Mafua hayaui, Mzee. Ulitangaza mwenyewe."
Kakaa kwenye benchi la wagonjwa muda mrefu. Sikumpa hata maji.

Jumatatu, 17 Februari
Wamemfukuza. Kapita na mkewe, godoro kichwani, njia ya Mgori. Nilisimama mlangoni makusudi anione.

Ijumaa, 28 Februari
Mvua tangu asubuhi. Hakuna mgonjwa.
Nimejaza fomu ya mwezi. Ningemwandika Monika, ningelazimika kuandika mafua, na Mpondo angesafishwa. Kwa hiyo sikumwandika. Mama yake Mpondo pia sikumwandika. Bibi yule ndiye aliyemwosha Monika tulipoogopa kumshika. Nadhani mafua aliyapatia hapo.
Vifo: hakuna. Nimetia sahihi yangu. Lori la wilaya limeichukua fomu saa nane.