Ngozi ya Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sisi wa Makorora hatujambo, na bibi yako amepona mafua.

Unauliza kama mdogo wangu Zuhura atakupa kipande cha ngozi, mkikuze huko maabara mpaka kiwe seli za ubongo, mwone ule uvimbe wa ubongo uliomlemaza unavyoanza.

Miaka ile ya foleni za sukari, miguu ya Zuhura ilikufa ganzi mbele ya duka, akaanguka. Mganga alisema ni jini. Mimi, niliyejiona bingwa wa hoja, nilisema ni uvivu, tena mbele ya watu: "Inuka, unakwepa foleni!"

Jana nimemsomea barua yako. Akapandisha mkono wa gauni.

"Mwambie aje akate. Mtoto kauliza, kaka. Wewe siku ile ulikuwa umeshajua."

Babu yako,
Athumani