Posa Isiyo na Wazee

Jumapili, Hounslow

Na kitabu chenyewe ni yeye aliyeniazima! Hilo ndilo linaloniuma.

Bi Zuhura, mama yake Asya, anapenda riwaya za zamani za Kiingereza. Katika hii aliyoniazima, mama mmoja tajiri anamkataa mchumba wa mwanawe kwa kuwa hana ukoo wa maana. Wiki iliyopita alinisimulia mpaka akafuta machozi. "Kiburi gani hiki, mwanangu! Binadamu unamuuliza ukoo?"

Nikajipa moyo. Asya ameridhia zamani. Leo nikaenda kwao Kilburn kuposa, peke yangu, maana hapa London sina mjomba wala baba mdogo wa kunisemea.

Hakupandisha sauti. Alinimiminia chai, akasema, "Posa haiji kwa miguu yake, mwanangu. Huletwa na wazee. Wako wapi wazee wako?"

"Tabora, Bi Zuhura. Naweza kuwapigia simu sasa hivi."

"Tabora," akasema taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Na hao wa Tabora, ni watu wa nani?"

Asya alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nilisikia bomba likifungwa. Hakutoka.

Baba yangu ni fundi baiskeli. Ni mtu wa nani? Sijui, ni wake mwenyewe tu. Nikaimalizia chai yangu.

Mlangoni akanipa biriani kwenye kopo, bado ya moto. "Ukale, umekonda."

Nimeila yote kwa hasira, kitandani, peke yangu. Ilikuwa tamu.

Jioni nzima aliniita mwanangu.